Kuwatafuta waliopanda Raleigh ya mwaka 53: Mwanza hadi Tabora

Jumatatu, Buhongwa

Baiskeli ni Raleigh ya kiume, ringi za inchi 28, breki za fito za chuma zinazoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye ringi. Shingoni ina nembo yenye kichwa cha korongo, nusu imelika. Niliikuta Buhongwa, kusini mwa jiji la Mwanza, kwenye yadi ya vyuma chakavu, imelazwa juu ya mabati ya paa na masufuria yaliyotoboka. Mwenye yadi aliipandisha kwenye mizani, akataja kilo, nikalipa bei ya chuma.

Mchana kutwa nimeisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, imegongwa herufi AW na namba 53. Hiyo ni alama ya Sturmey-Archer, kiwanda cha Nottingham, Uingereza, kilichokuwa chini ya Raleigh. 53 ni mwaka 1953. Ndani ya habu kuna gia tatu. Raleigh nyingi zilizokuja huku zilikuwa na gia moja tu, kwa hiyo aliyeinunua hii alikuwa mtu wa mshahara. Lakini habu peke yake haitoshi kuthibitisha umri wa baiskeli, maana gurudumu hubadilishwa. Nimegeuza fremu, nikahesabu spoki: nyuma 40, mbele 32, kama Waingereza walivyozifunga. Ringi ya mbele ni ya India. Cheni ni ya China.

Kuna alama nyingine ambazo Nottingham haihusiki nazo. Chini ya kiti pameribitiwa kibati cha kodi ya baiskeli, kinasomeka NZEGA 1968. Kwenye madigadi ya nyuma mtu ametoboa vitundu kwa msumari, vikatengeneza herufi tatu, M.S.K. Bomba la chini la fremu limechomelewa. Keria si ya kiwandani, ni ya nondo, nzito kama lango. Juu yake zimebaki nyuzi za sponji nyekundu. Na kwenye bomba la kiti kuna kibandiko cha duka lililoiuza; jina limefutika, neno la mwisho ni TABORA.

Kila wiki baiskeli kama hizi zinapelekwa kuyeyushwa. Waliozinunua mpya, walio hai, wana miaka themanini na zaidi. Kiwandani kila fremu iligongwa namba yake. Huku hakuna aliyeandika ni nani aliyeipanda. Nimeamua kurudi nayo nyuma, mtu hadi mtu, mpaka nifike Tabora au njia ikatike. Mwenye yadi ananiambia aliyeileta ni kijana wa Hungumalwa.

Jumanne, njiani

Ningeweza kuipakia kwenye basi, lakini baiskeli huisikia ukiwa juu yake. Nimepita Usagara na Misungwi kabla jua halijakali, nikapumzika Mabuki chini ya mti wa muuza miwa. Ni Julai, vumbi jeupe, pamba inauzwa.

Baiskeli inavuta kushoto. Pedeli ya kushoto imelika kuliko ya kulia, ishara ya mtu aliyezoea kuanza safari akiwa na mzigo: mguu wa kushoto juu ya pedeli, wa kulia unasukuma ardhi mara tatu nne, ndipo anarusha mguu. Aliyefanya hivyo alifanya kwa miaka.

Jambo lililoniumiza zaidi ni gia. Waya wa gia haupo, na habu ya AW ikikosa waya hukaa kwenye gia ya tatu, ile nzito. Gia hiyo huongeza theluthi moja juu ya gia ya kati. Mtelemko unakwenda kama upepo, lakini kimlima kidogo tu kinakukaba. Tangu waya huo ulipokatika, kila aliyeipanda baiskeli hii alikuwa akiisukuma kwenye gia ya kukimbilia tambarare, huku nyuma amefunga mzigo. Nimefika Hungumalwa jioni, mapaja yanatetemeka.

Jumatano, Hungumalwa

Kijana aliyeiuza hayupo, yuko machimboni. Mama yake nimemkuta uani akichambua pamba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, mwangaluka. Karibu kiti." Kisha akaiona. Hakuitazama nembo wala fremu. Alikwenda moja kwa moja kwenye keria, akaishika kwa mikono miwili. "Hii keria ya mume wangu. Nani amekupa?"

Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuishika. Mwanawe aliiuza baada ya baba kufariki. Ilikuwa imeegemea mwembe miaka kadhaa, jua likala matairi. Hamlaumu. "Alihitaji nauli ya kwenda kutafuta maisha. Ila angeniambia, ningeifungua hii kwanza."

Mumewe aliinunua Shinyanga kwa mtu wa daladala, mwaka ule pamba ilipowalipa vizuri. Ilibeba pamba kwenda ghala la chama cha msingi, mafurushi mawili kila safari, moja juu ya jingine mpaka yeye haonekani kwa nyuma. Ilibeba maji kipindi cha kiangazi, madumu manne. Ilibeba bati moja moja la nyumba hii tuliyokaa kivulini mwake. Usiku mmoja wa masika ilimbeba yeye mwenyewe akiwa na uchungu, wakati barabara ya zahanati imejaa matope na hakuna gari. Mumewe hakupanda, alimkalisha kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa, akaisukuma kwa mguu njia nzima, mdogo wake akishika taa mbele.

"Mlima wa pale mtoni alilia," akasema. "Nilimsikia. Alidhani mimi sisikii kwa sababu na mimi nalia."

Nilifikiria ile gia; ingekuwa nyepesi, huenda asingelazimika kusukuma. Sikumwambia, isingemsaidia kitu kujua leo.

Mtoto alizaliwa salama, yuko Geita, ana watoto wake.

Babu wa jirani alikuja kutazama, akatuongezea ya kwake. Anakumbuka miaka ya hamsini, vyama vya wakulima vilipoungana mwaka 1955 chini ya Victoria Federation ya akina Paul Bomani, mizani ikawa ya haki na fedha ya pamba ikaanza kukaa mifukoni. Kitu cha kwanza ambacho kijana alikwenda kununua baada ya mauzo, anasema, ni baiskeli. Kabla ya bati, kabla ya redio. "Bila baiskeli hata ukienda kuposa wanakuuliza umekujaje."

Wakati wa kuaga mama alinishika mkono. "Ukishamaliza kuandika habari zako, mwanangu, hiyo keria nirudishie. Baiskeli si yangu. Hiyo ni yangu."

Nimemwahidi.

Alhamisi, Maganzo

Keria ndiyo iliyonileta Maganzo, maana mama alisema ilitengenezwa huku, karibu na Mwadui, kwenye almasi. Nimeipakia baiskeli kwenye basi. Fremu niliyoiona inavuta kushoto sikutaka kuivunja.

Fundi ana kibanda kando ya barabara kuu. Hakuitazama sura yangu. Alipitisha kidole gumba kwenye lile chomeleo la bomba la chini, akarudia, akaniambia, "Mkono wangu huu." Alijuaje? Anasema yeye huweka kipande cha bomba jembamba ndani kabla ya kuchomelea, ili kiungo kipate nguvu, na pale panabaki uvimbe kidogo kama kifundo cha mua. Wengine hawasumbuki.

Nilikaa naye hadi alasiri na ninaweza kuandika kurasa kumi juu ya aliyonifundisha. Ana mpangilio wake wa baiskeli. Raleigh, Humber na BSA ni za wazee: chuma kinasamehe, kinapinda kabla ya kuvunjika. Phoenix ya Shanghai ilikuja ikabeba nchi nzima. Hero na Avon za India zina vipuri rahisi. Swala, iliyotengenezwa Dar es Salaam, anaiheshimu kwa sababu ilikuwa yetu. Humber ya zamani anaitambua kwa mbali kutokana na foku yake ya fito mbili mbili, na anasikitika kwamba vijana wanazikata kutengenezea viti.

Nikamuuliza juu ya miaka ya shida, baada ya vita vya Kagera. Aliacha kazi, akakaa chini. Kati ya mwaka 1979 na 1984, anasema, mpira wa ndani ulikuwa adimu kuliko nyama. Watu walijaza tairi majani makavu na matambara wakaifunga kwa kamba za katani, wakaendesha hivyo hivyo. Kiraka kiliwekwa juu ya kiraka. Gololi zilizolika ziligawanywa, nzuri zikaenda mbele, mbovu nyuma. Mwaka 1983, msako wa wahujumu uchumi ulipopita, mwenye duka mmoja alifukia katoni ya mipira shambani, mvua ikanyesha, ikaota ukungu yote. Fundi alisimulia hilo kwa uchungu wa mtu aliyefiwa. Tairi likiisha kabisa lilikwenda kwa mshona katambuga, likatembea tena miaka mingine miguuni mwa watu.

Kuhusu gia alijua. "Ilifika kwangu haina waya. Waya wake huku haupo. Nilimwekea gia kubwa nyuma apunguziwe kidogo." Akaonyesha: kweli, gia ya nyuma ina meno mengi kuliko ya kiwandani. Kwa hiyo mtu wa Hungumalwa alipunguziwa, hata kama si yote. Nimeliandika hilo, na nikirudi kwa mama yule nitamwambia.

Ijumaa, Shinyanga

Mjini Shinyanga ukisema daladala hawaelewi basi. Daladala ni baiskeli yenye kiti cha sponji nyuma na vyuma vya kukanyagia, abiria mmoja, na kwa miaka mingi ndizo zilizopeleka watu sokoni, stesheni na hospitali. Pikipiki zimezipunguza sana, ila hazijaisha. Asubuhi nilipanga foleni nazo karibu na stendi, nikauliza wenye umri.

Wawili walidai waliwahi kuwa nayo. Wa kwanza alisema kweli tupu kuhusu maisha yake, lakini si kuhusu baiskeli hii: yake ilikuwa na dainamo, na foku ya hii haina alama ya kufungwa dainamo. Wa pili, mzee mwenye kofia ya sufu, alinyamaza, akachukua kipande cha chaki, akaniambia niangalie ndani ya madigadi ya mbele, juu, pasipopata tope. Nilipochutama nikaona rangi nyekundu na namba 17. Namba yake ya kijiweni.

Aliiendesha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini. Aliyemuuzia alikuwa mtu wa Tinde aliyekuja mnadani na mbuzi, akaishiwa. Kwa baiskeli hii amesomesha watoto wanne. Mmoja ni mwalimu. Alinisimulia abiria wake kama mtu anayehesabu ndugu. Kulikuwa na mama muuza dagaa aliyelipa kila Jumamosi kwa wiki nzima. Kulikuwa na bwana harusi aliyekodi daladala sita, mbili za wazee, nne za wapiga ngoma. Kulikuwa na mgonjwa aliyempeleka hospitali ya mkoa akimwongelesha njia nzima ili asisinzie, na baada ya miezi mgonjwa huyo alikuja kijiweni na kuku.

"Iliniuma miguu," alisema. "Nilidhani Raleigh zote ni nzito hivyo."

Kwa nini aliuza? Goti. Akanionyesha goti.

Jumamosi, Tinde

Nimeuliza sokoni, kwa mafundi, kwa mtendaji wa kijiji, kwa wazee wa bao. Mtu wa mbuzi hakuna anayemkumbuka. Kati ya mwaka 1968 wa kibati cha Nzega na mwanzoni mwa miaka ya tisini baiskeli hii ilikuwa na mtu, au watu, ambao sitawajua. Labda ndio waliopoteza waya. Nimeacha ukurasa mzima mtupu kwenye daftari kwa ajili yao, na nimelala mapema.

Jumapili, Nzega

Nilisubiri nje ya kanisa mpaka misa ikatoka. Nilikuwa na kibati cha 1968 na herufi tatu. Wazee waliizunguka baiskeli, mmoja alivaa miwani, akasoma vitundu vya msumari kwa kidole, M, S, K, akasema, "Huyu ni dresa." Wengine wakaitikia pamoja, dresa, dresa, na mmoja akakunja mkono wa shati kunionyesha kovu la chanjo begani. Wakaniagiza kwa binti yake, ambaye mwenyewe sasa ni bibi.

Leo nimefika mlangoni tu. Alikuwa na wageni wa msiba. Aliiona baiskeli kwa mbali, akasimama, akaniambia nirudi kesho asubuhi na nisiende popote.

Jumatatu, Nzega

"Waya wake uko wapi?"

Hilo ndilo neno la kwanza baada ya salamu. Bibi huyu alikwenda upande wa kulia wa usukani, akatafuta kwa kidole mahali palipokuwa na kiwiko kidogo cha gia. Ninajua hakuna mtu mwingine kati ya wote niliokutana nao aliyewahi kukiona.

Baba yake alikuwa dresa wa zahanati tangu wakati wa mkoloni: kufunga vidonda, kugawa kwinini, kuchoma sindano za buba. Baiskeli aliinunua Tabora mwaka 1955, mshahara ukikatwa kidogo kidogo. Alichagua yenye gia tatu kwa sababu eneo lake lilikuwa na vijiji vya juu na vya chini, na alikuwa na mzigo wa dawa. Herufi alitoboa mwenyewe, jioni ya siku ya kwanza, watoto wakishika madigadi.

Kisha ikaja kazi ya ndui. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeongeza nguvu za kuimaliza tangu mwaka 1967, na huku watu kama baba yake ndio waliokuwa miguu ya kazi hiyo. Dawa ilikuja imekaushwa, ikavumilia joto la safari. Ilichanganywa na maji yake pale pale, na sindano ndogo yenye ncha mbili ilichovywa na kudonoa ngozi mara kadhaa. Kisanduku kilifungwa kwenye keria ya kwanza, ile ya kiwandani. Alizunguka shule, minada, visima, misiba. Akikuta watu wamejificha alikaa chini ya mti, akaomba maji, akajichoma yeye mwenyewe kwanza. Mei 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Bibi anakumbuka baba yake akisikiliza redio, akaizima, akatoka nje, akakaa kimya kwenye ngazi.

Wakati huo baiskeli haikuwapo tena. Mwaka 1976 alihamishwa mbali, lori likajaa, akaiacha kwa mdogo wake aitunze. Mdogo mtu akaiuza. Ndugu hao hawakusemezana mpaka mmoja alipokufa, na watoto wao hadi leo wanasalimiana kwa shida. Bibi alisema jina la yule mdogo mtu, akanyamaza, akasema nisiliandike.

Wasichana hawakuruhusiwa kuipanda. Yeye alijifunza kwa siri, baba akilala mchana, akipitisha mguu mmoja chini ya bomba la juu maana kiti hakukifikia, mwili umepinda upande kama tawi. Alinionyesha. Ana miaka zaidi ya sabini, alishika usukani, akaingiza mguu, akasimama hivyo, akacheka mpaka wajukuu wakatoka ndani.

"Baba alinifumania siku moja," alisema. "Nikajua nimekufa. Akaja, akasogeza hiki," kidole kikaenda tena pale patupu, "akasema, mlima ukianza weka moja."

Nikamweleza habari za namba 17 na goti lake, na za mtu wa Hungumalwa kwenye mlima wa mtoni. Alisikiliza ameweka mkono kifuani. "Hakuna aliyewaambia," alisema. "Mdogo wa baba aliuza chuma tu."

Anaitaka. Nimempa. Hakutaka kunirudishia fedha kwa bei ya chuma, alisema hiyo ni dharau kwa baba, na tumekubaliana juu ya mbuzi. Keria ya nondo anataka iondoke, kwa kuwa si ya baba yake. Nikamwambia ina mwenyewe.

Jumatano, Tabora

Nimekuja Tabora kwa ajili ya waya. Barabara ya maduka ya zamani ipo, miembe ipo, na mwenye duka moja la magodoro ananihakikishia kuwa babu yake aliuza baiskeli hapa hapa. Zilifika kwa treni kutoka Dar es Salaam, zimefunguliwa vipande, ndani ya makreti ya mbao. Mafundi wa uani walizifunga, na mbao za makreti zikawa milango ya nyumba za watu. Alinionyesha mlango mmoja. Maandishi ya wino mweusi bado yanaonekana upande wa ndani. Kama duka hili ndilo la kibandiko changu, hakuna namna ya kuthibitisha.

Waya niliupata kwa fundi mzee mtaani, ndani ya kopo la maziwa, pamoja na kiwiko cha gia kilichopasuka na kale kacheni kafupi kanakoingia kwenye ekseli. Nimepita Nzega jioni, tumevifunga wajukuu wakimulika kwa simu. Gia ya kwanza inashika. Ya tatu inashika. Ya pili inateleza, na nimemwambia bibi asiitumie mpaka fundi aifungue habu, kwa sababu ikiteleza ukiwa umesimama juu ya pedeli unaweza kuumia.

Nimenakili majina yote mara mbili, ukurasa mtupu wa Tinde nao nikauacha mtupu. Nakala moja imekunjwa kwenye mfuko wa ngozi nyuma ya kiti. Nyingine nimeifunga kwa kamba kwenye keria, pamoja na barua fupi juu ya ile gia kubwa ya fundi wa Maganzo, na kondakta wa basi la alfajiri ameipokea, ameandika HUNGUMALWA kwa kalamu nene na kunitoza kama mzigo wa kawaida.